Besi Inashuka kutoka Mgeta

Kwa aliyekosa wiki zilizopita, habari yangu ni fupi na chungu. Kibanda changu cha kutengenezea spika pale mjini Morogoro kilibomolewa pamoja na vibanda vingine vya kando ya barabara. Nikahamia Mlali, chini ya milima, ambako watu wanalima nyanya na hawana haja na fundi spika. Mke wangu Filomena akachoka kuhamahama, akarudi kwao Mgeta, juu mlimani, na binti yetu Winfrida akamfuata mama yake.

Niliishia pale Gervas, kaka yake Filomena, aliposimamisha pikapu mbele ya banda langu na kusema, bila hata kushuka, kwamba Winfrida anaolewa.

Mimi baba mzazi sikuwa nimeambiwa.

"Si ndiyo nakuambia sasa, shemeji?" alisema Gervas.

"Harusi lini?"

"Jumamosi hii."

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na mimi Mnyamwezi nililijua hilo tangu siku naoa. Lakini kulijua jambo na kulimeza ni vitu viwili.

"Matarumbeta tumekosa," aliendelea. "Vikundi vyote vimeshachukuliwa. Nataka gari langu lenyewe liwe matarumbeta. Nitengenezee sanduku la besi, likae nyuma ya kiti cha nyuma. Tukitoka Mgeta mpaka kanisani mjini, kila mtu ajue harusi inapita."

"Na mimi kwenye harusi nakaa wapi?"

Akacheka. "Besi ikipiga vizuri, mtani, utamshika binti yako mkono umwingize kanisani. Ikikoroma kama chura, utakaa nyuma kabisa na wapishi."

Basi hapo nikanaswa. Angeniambia nimjengee kinu cha kusaga ndani ya ile pikapu, ningejenga.

Lazima niwaeleze kuhusu huo utani, maana ndio uliotufikisha tulipofika. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana msibani ukacheka. Mtani anazuia msafara wa harusi njiani, anatupa gogo barabarani na kulala chini, hatoki mpaka apewe kuku. Hakuna anayekasirika. Ukikasirika wewe ndiye unayeonekana huna adabu.

Mimi na Gervas tumetaniana tangu siku ya posa. Yeye ananiita mla michembe, vile viazi vitamu vya kukausha vya kwetu. Mimi namwambia Waluguru wote wana mguu mmoja mfupi kwa kukaa mteremkoni. Hata Filomena alipoondoka, kitu pekee kilichobaki kati yangu na ukoo wao kilikuwa ni huo utani.

Kazi ilikuwa ngumu. Pikapu ni ya milango minne, na nyuma ya kiti cha nyuma pana upenyo mwembamba, tena ukuta wake umelala. Sanduku la kwanza nilikosea vipimo, likagoma kuingia. Nikalivunja. Ubao wake wa mbele, ambao nilikuwa nimeshaupaka rangi nyeusi, nikautupa pembeni. Kumbukeni ubao huo.

Sanduku la pili nililitengeneza kwa plaiwudi nene, mgongo wake umelazwa kufuata ukuta wa gari. Kila kona nikaipaka gundi, nikaikaza kwa skrubu, nikaiziba kwa silikoni. Sanduku la besi likivuja hewa halina maana, linapumua kama mzee mwenye pumu. Nikakata tundu la spika, nikaweka bomba la hewa, nikalivika zulia. Sijisifu, lakini lilikuwa zuri. Nililipapasa nikamwona Winfrida kaketi mbele yake na shela lake.

Gervas akalisukuma kwa kiganja, likacheza.

"Hili likiruka kwenye makorongo litamvunja bibi harusi mgongo," alisema.

"Nitalifunga na bolti, zipite sakafuni."

"Funga haraka. Napanda leo."

Nikausukumia ule ubao mweusi chini ya gari, udake bolti na nati zisipotelee kwenye tope. Nikaingia ndani na drili.

Tundu la kwanza likapita vizuri. La pili pia. La tatu, upande wa kushoto, drili ilizama zaidi ya nilivyotaka. Niliisikia mkononi. Ilipita bati la sakafu, ikagusa kitu kingine chini yake, kigumu kwanza, kisha laini.

Nikaitoa. Ncha yake ilikuwa inang'aa kidogo kwa majimaji.

"Shemeji," nikasema, "hebu nipe jeki. Nataka niingie chini nitazame."

Hapo ndipo niliponaswa na mdomo wangu mwenyewe. Maana tangu asubuhi nilikuwa namtania: gari lako hili halitashuka Mgeta, nitahakikisha linalala huko huko, Waluguru mtembee kwa miguu mpaka kanisani, muonyeshe mjini ule mguu mfupi.

Gervas akaangua kicheko. "Ndiyo mwanzo wa kunichelewesha, eh? Asubuhi umesema gari halitashuka, sasa unataka kulilaza. Funga bolti, mla michembe! Limeshaoshwa hili, limeshafungwa riboni, halilazwi kwenye tope."

Ningeweza kushikilia. Ningeweza kuzima utani kabisa, nikasema kama mtu mzima: Gervas, hapa sichezi. Lakini niliogopa. Niliogopa akiudhika ataniweka nyuma na wapishi. Nikafunga bolti, nati nikizikaza kwa kupapasa tu chini ya gari.

Akaketi kwenye usukani, mguu juu ya breki kwa mazoea ya madereva, akawasha muziki. Bati la banda langu lilitetemeka. Kuku wa Maimuna, jirani yangu muuza vitumbua, walikimbilia shambani. Watoto wakaja mbio kutoka shule. Gervas akawa anatikisa kichwa macho yamefumba, akiukandamiza ule mguu kwa kufuata mdundo.

"Mtani, hii ni hatari!" alipiga kelele.

Alisema hivyo hivyo, kwa kinywa chake. Kisha akaondoka kupanda Mgeta, na besi nikaisikia mpaka alipozunguka mlima.

Jioni Winfrida alinipigia simu. Tangu waondoke na mama yake hakuwahi kunipigia yeye mwenyewe.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu."

"Mjomba amesema sanduku limekaa vizuri."

"Limekaa, mama."

"Baba, naomba jambo moja. Kesho usinisimamishie gari. Najua ni desturi, najua watani hufanya. Ila mimi nina hofu tangu jana, sijui ya nini. Nataka nitoke nyumbani nifike kanisani bila kusimama. Niahidi."

"Nimeahidi."

"Asante Baba. Tutakupitia hapo barabarani."

Nililala nikiwa na furaha. Sikujua kwamba nimeuza neno ambalo ningelihitaji kesho yake.

Jumamosi niliamka milima imejifunika ukungu mpaka kiunoni. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Nikavaa suti yangu, ile moja, nikafagia banda ili wakinipitia wasione uchafu. Ndipo nikauokota ule ubao mweusi mahali gari liliposimama.

Rangi ilikuwa imekunjamana.

Siyo yote. Palikuwa na alama za matone, zimefuatana kwenye mstari, na kila tone limeivuruga rangi ikajikunja na kuachia, mbao nyeupe ikaonekana chini. Rangi niliyoipaka mwenyewe, ikakauka mpaka ikawa ngumu.

Nikamgeukia Maimuna.

"Wewe mama, mafuta yako ya vitumbua yanarukia mpaka kwenye mbao zangu?"

"Toba!" alisema Maimuna. "Mimi na banda lako wapi na wapi? Mafuta yangu yaruke, yavuke mtaro, yaingie chini ya gari la watu? Fundi, hasira za kuachwa usizimalizie kwangu."

Alikuwa na haki. Nilinusa yale matone. Hayakunuka vitumbua, wala oili ya injini.

Mwinjuma, kijana wa bodaboda anayejitengenezea pikipiki yake mwenyewe, alikuwa anakunywa chai kwa Maimuna. Nikampa ubao. Aliutazama, akapitisha kidole, akaacha kutafuna.

"Fundi, hii gari gani?"

"Ya shemeji. Jana nilitoboa sakafu."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Akaweka kikombe chini. "Haya ni mafuta ya breki. Ndiyo yanakula rangi hivi. Umeugusa mrija."

"Lakini alipanda Mgeta jana! Alifika salama!"

"Kupanda kunataka breki gani, Fundi? Kupanda ni gia na mafuta tu. Kushuka ndiko kuna kazi." Hakunitazama usoni. "Ukiwa na tundu dogo, kila akikanyaga linatema kidogo. Atakanyaga, atakanyaga, mwisho mguu utafika sakafuni. Wanashuka lini?"

Nilikuwa nimeshatoa simu.

Gervas hakupokea. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Nilijua kwa nini. Sanduku langu lilikuwa linafanya kazi niliyolitengenezea. Mtu aliyekaa mbele ya besi ile hawezi kusikia simu, hawezi hata kusikia mawazo yake.

Nikampigia Filomena. Hapatikani. Nikamwandikia: *Mama Wini, breki za gari ni mbovu, shukeni wote, si utani.* Tiki ikabaki moja. Kule kwenye mabonde mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyependa chakula.

Nikampigia Gervas tena. Akapokea. Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ni besi.

"Mtani! Umeshavaa suti?"

"Gervas, simamisha gari! Breki zinavuja, nilitoboa mrija jana!"

Kicheko. Nyuma yake wakacheka wengine, wanawake, gari zima.

"Nilisema au sikusema?" aliwaambia. "Nilisema atapiga tu! Mtani, ungetafuta uongo mwingine, huu wa gari bovu uliuanza jana."

"Naapa kwa Mungu, Gervas! Naapa kwa kaburi la mama yangu!"

"Weee, mpaka kaburi limetajwa! Basi leo siyo kuku, leo anataka mbuzi!" Wakapiga vigelegele. "Kaa hapo hapo Mlali. Tumeshapata baraka ya padri wa huku, tunashuka."

Akaongeza sauti ya muziki, simu ikakatika.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Nimelisikia neno hilo tangu utoto na sikuwahi kujua kama linanihusu.

Nikampigia Winfrida. Akapokea mara moja, kana kwamba alikuwa ameishika simu mkononi.

"Baba."

"Mwanangu, nisikilize vizuri..."

"Baba, uliahidi." Alikuwa karibu kulia. "Uliniahidi jana tu."

"Siyo utani, Wini. Mwambie mjomba wako akanyage breki sasa hivi, kabla ya mteremko mkubwa. Akanyage asikilize mguu wake. Mwambie tu ajaribu!"

"Sikusikii Baba, besi iko mgongoni kwangu."

"Mwambie azime!"

"Unasemaje? Mama anasema..."

Mtandao ukaondoka.

Mwinjuma alikuwa ameshawasha pikipiki. Nikapanda nyuma na suti yangu, tai ikinipiga usoni, tukaondoka Mlali kama wezi waliofukuzwa. Maimuna alisimama barabarani, mikono kichwani.

Barabara ya kupanda Mgeta inajipindapinda. Upande mmoja una ukuta wa mlima, udongo mwekundu uliokatwa, mwororo kwa mvua. Upande mwingine ni bonde, na chini kabisa unaona vibustani vya kabichi na mbaazi, vidogo kama viraka. Siku nyingine ni pazuri. Siku hiyo niliangalia bonde tu.

Tulikutana na mama mmoja anashuka na mzigo wa karoti kichwani.

"Shikamoo mama, umeliona gari la harusi?"

"Marahaba. Gari sijaliona, linaungurumia huko juu. Nilidhani radi."

Tukapanda tena. Kwenye kona moja kali Mwinjuma alipunguza mwendo. Hapo pana mahali malori ya kabichi husimama kupumzisha injini, na vijana wa kupakia huacha magogo ya mikaratusi ya kuzuilia matairi.

"Hapa," nikasema. "Wakitoka kwenye kona ile ya juu wataniona. Nisaidie gogo tuliweke barabarani."

Nikalishika gogo zito kuliko yote. Nililiburuta mpaka katikati ya barabara. Nilikuwa natoka jasho, suruali imejaa tope, na kwa mbali mtu angeniona ni mtani anayejiandaa kuomba kuku.

Mwinjuma hakuja kunisaidia.

"Fundi," alisema. "Kama breki zipo, akiona gogo atasimama. Kama hazipo, je?"

Nilitazama gogo. Nikatazama bonde.

"Akija bila breki akakuta gogo," alisema Mwinjuma, "atalikwepa. Na dereva akistuka, hujui atakwepea wapi."

Nikalivuta tena mpaka pembeni. Nikavua koti la suti nikalishika kama bendera, nikasimama katikati ya barabara.

Ndipo tukaisikia.

Kwanza haikuwa sauti. Ilikuwa mtikisiko kifuani, kama moyo wa mtu mwingine. Kisha ukungu ukaleta mdundo kamili, unagonga mlima wa huku, unarudi, unagonga mlima wa pili. Niliijua. Niliijua kila kona ya sanduku lile, kila skrubu. Ilikuwa besi safi kabisa, haikoromi, haivuji hewa. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, inashuka mlima na mwanangu.

Pikapu ikatoka kwenye kona ya juu. Riboni nyeupe zilikuwa zinapepea. Nikapunga koti, nikapiga kelele mpaka koo likachanika.

Gervas aliniona. Nilimwona anaonyesha kidole, anawageukia walio nyuma, meno yote nje. Akapiga honi, akawasha taa, akazima, akawasha. Nyuma ya bega lake niliona kitu cheupe, ni shela.

Bado mdomo wake ulikuwa unaimba alipokaribia pale ambapo kila dereva wa Mgeta hukanyaga breki. Nikaona kichwa chake kinainama kidogo, mtu anayekanyaga. Kikainama tena. Kikainama mara ya tatu, na bega likashuka nacho.

Hakuwa anaimba tena.

Besi ikakatika. Katika kimya kile nilisikia injini inalia kwa gia ndogo, mawe yanaruka chini ya matairi, na sauti ya Winfrida, siyo ya kunilaumu tena, inaniita, "Baba! Baba!"

"Fundi, toka barabarani!" Mwinjuma alipiga kelele.

Ukuta wa udongo ulikuwa kushoto kwao, mwororo, umelowa mvua. Bonde lilikuwa kulia. Gervas alikuwa ananitazama mimi, macho yamemtoka, ananisubiri nimwambie la kufanya, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe dada yake alikuwa ananiamini.

Nikatupa koti. Nikalikimbilia gogo na kulinyanyua peke yangu, gari likija, na bado sikujua naliweka upande gani, wa ukuta au wa bonde.